Rangi ya Mbao Iliyomwangika juu ya Sementi



Pengine mutashangaa kuona habari za rangi ya seremala katika kitabu cha afya. Mumezoea kusoma hapa juu ya malaria, juu ya kuhara, na ginsi ya kulisha mutoto akiachishwa ziwa. Lakini sisi tunaotumika hospitalini tumepokea wagonjwa walioumia kwa sababu ya alama ya rangi chini ya nyumba. Rangi yenyewe haikuwaumiza. Waliumizwa na vitu walivyomwanga juu yake wakitaka kuiondoa.

Nitawaeleza mambo niliyoyaona mwenyewe. Zamani nilitumika katika kituo kimoja, ambacho sitataja jina lake. Seremala alikuwa akipaka milango ya nyumba ya kuzalia rangi nyekundu ya mafuta, ile inayoingia ndani ya mbao na kuzipa sura ya libuyu. Mukebe ukaanguka toka juu ya ngazi. Rangi ikaenea juu ya sementi ya baraza, pale pale wamama wanapopita. Seremala akashika kitambaa, akapangusa kwa nguvu, na kila alipopangusa alama ikazidi kuwa kubwa. Kesho yake ilikuwa imekauka, na ilifanana kabisa na damu. Wamama waliofika na uchungu wa kuzaa wakaizunguka. Mumoja akasema, "Hapa mutu amekufa," akamwambia dada yake amurudishe nyumbani. Tulimufuata njiani kumubembeleza, na uchungu ulikuwa umekwisha kuwa mukali.

Basi mufagiaji akaagizwa kuondoa alama ile upesi. Akamwanga javeli. Haikutoka. Akazidisha javeli. Haikutoka. Kisha akaenda penye mashini ya umeme, akachukua asidi ya bateri, akaimwanga juu ya javeli ile ile. Mimi nilikuwa ndani nikipima mama. Nikasikia kikohozi, kisha nikasikia harufu inayochoma pua kama kisu. Nilipotoka nilimukuta amepiga magoti, machozi yakitoka, pumzi haiingii. Tukamuvuta mpaka penye upepo, na wamama na watoto wachanga tukawatoa kwa mulango wa nyuma. Yule ndugu alilala kwetu siku tatu, pumzi yake fupi. Na alama ilibaki pale pale, ila sasa sementi iliyoizunguka ilikuwa imeliwa na asidi, ikawa mbaya kuliko kwanza.

Hakuna mutu aliyekuwa amemufundisha. Na mimi, kwa kusema kweli, wakati ule sikujua kwa nini javeli haikuweza kitu. Sababu ni hii: kila rangi ina kitu kinachoiyeyusha, na kitu kingine hakitaiyeyusha hata ukimwanga pipa nzima. Kwa hiyo, mbele ya kumwanga kitu chochote, shuruti ujue rangi ile imetengenezwa na nini.

Sementi inakunywa

Tazama kipande cha mukate. Kina matundu madogo, na ukikitia ndani ya chai kinakunywa. Sakafu ya sementi ni vile vile, ijapokuwa macho yako hayaoni matundu yake. Fundi alipochanganya sementi, muchanga, mawe na maji, sehemu ya maji yale ilikauka nyuma, na mahali pake pakabaki vijia vyembamba sana. Rangi ikianguka, inaingia katika vijia hivi. Ndiyo maana kusugua juu juu hakusaidii, na ndiyo maana saa ya kwanza ina faida kuliko siku kumi zinazofuata.

Rangi ikiwa ingali maji maji, usipanguse. Kupangusa ni kuitembeza na kuisukuma ndani. Weka kitambaa kikavu juu yake, kandamiza, inua, weka kingine. Anza pembeni ukielekea katikati, ili alama isipanuke. Kisha funika kwa muchanga mukavu au udongo mukavu uliopondwa, acha unywe rangi, kusanya, tia mwingine. Ukifanya hivi mbele ya rangi kukauka, pengine kitakachobaki ni kivuli tu.

Ni rangi gani?

Kuna namna tatu, na watu wengi wanaziita zote kwa jina moja.

Ya kwanza ni rangi ya maji. Seremala anaosha burashi yake kwa maji na sabuni. Hii ni nyepesi kuondoa. Chukua maji ya moto, sabuni ya kufulia na burashi ngumu, sugua, mwanga maji safi, rudia. Ikibaki wekundu au weusi kidogo, pima kikombe kimoja cha javeli ya duka kwa vikombe tisa vya maji, lowesha alama, ngoja dakika 15, kisha mwanga maji mengi. Javeli inaua rangi zinazotokana na miti na zile zinazotengenezwa kama rangi za nguo. Lakini kama fundi ametia unga wa udongo mwekundu ndani ya rangi yake, javeli haiuwezi. Udongo ule ni kutu ya chuma, na kutu haigeuki nyeupe kwa javeli. Usirudie mara kumi ukifikiri mara ya kumi itashinda.

Ya pili ni maji ya muti wenyewe. Mbao mbichi zikilazwa juu ya sementi na mvua ikazinyeshea, zinaacha mistari ya rangi ya chai. Palipo na musumari mustari unakuwa mweusi, kwa sababu maji ya muti yakikutana na chuma yanafanya wino. Alama ya rangi ya chai inaondoka kwa javeli ile niliyopima hapo juu, na ukiiacha nje kwa jua na mvua mara nyingi inafifia yenyewe kwa muda wa miezi. Ile nyeusi ya musumari inasikia maji ya ndimu. Paka, ngoja kidogo, osha kwa maji mengi, kwa maana ndimu pia ni asidi na asidi inakula sementi. Lakini kama umetumia javeli leo, usitie ndimu leo. Osha kwanza, acha pakauke mpaka kesho. Sababu yake utaisoma chini.

Ya tatu ni rangi ya mafuta, na hii ndiyo iliyotusumbua kwenye nyumba ya kuzalia. Seremala anaosha burashi yake kwa terebentini au kwa petroli ya taa. Maji hayaiyeyushi, javeli haiiyeyushi, asidi haiiyeyushi. Mafuta yanafuata mafuta. Hapa ndipo penye kazi ya kweli, nami nitaieleza polepole.

Kuivuta toka ndani

Ukimwanga terebentini juu ya alama na kusugua, utaona rangi inayeyuka na utafurahi. Kisha itaingia chini zaidi pamoja na terebentini, na alama itakuwa pana. Kwa hiyo shuruti upate kitu kikavu cha kuinywa. Fundi mumoja muzee wa kujenga alitufundisha kutumia udongo mweupe, ule unaoitwa pemba, ambao wamama wengine wanaununua sokoni kwa kuula. (Juu ya kula udongo wakati wa mimba nitasema siku nyingine, maana nina neno nao.) Ponda udongo uwe unga laini, mukavu kabisa. Tia terebentini kidogo kidogo ukikoroga kwa kijiti, mpaka uwe kama ugali mulaini, usiotiririka.

Paka ugali ule juu ya alama, unene wa kidole kimoja, ukipita pembeni ya alama kidogo. Funika kwa plastiki, weka mawe pembeni ili upepo usiingie. Acha siku moja nzima. Terebentini itayeyusha rangi ndani ya vijia. Kesho ondoa plastiki, acha udongo ukauke. Ukikauka unakunywa, nao unavuta rangi juu kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Kwangua kwa kipande cha mbao, na utaona udongo umegeuka rangi. Kisha osha mahali pale kwa maji ya moto na sabuni.

Hautoshi mara moja. Sisi tulifanya mara tatu, siku zaidi ya tisa. Nyuma ya mara ya tatu kikabaki kivuli cha rangi ya majani makavu, hakuna mutu anayesema ni damu, nasi tukaweka benchi la kungojea juu yake. Kama huna terebentini, petroli ya taa inaweza kazi hii, lakini inaacha mafuta nyuma yake, na utaosha kwa sabuni mara nyingi zaidi. Esanse ya motokari usitumie kamwe, hata kidogo, hata nje. Inaruka moto mbele hujaona kiberiti.

Watu wengine wanakwangua kwa jiwe au kwa mashini ya kusaga. Inafaa kwa alama ndogo, ila lowesha sementi kwanza na uendelee kuilowesha. Vumbi kavu la sementi na muchanga linaingia mapafuni na halitoki tena.

Na ninawashauri neno hili pia: alama si uchafu. Hakuna mududu wa ugonjwa anayekaa ndani yake kwa sababu ni nyekundu. Sakafu yenye alama inayooshwa kila siku ni safi kuliko sakafu nyeupe isiyoguswa na maji. Nimeona mama aliyetumia feza ya dawa ya mutoto kwa kununua terebentini, kwa sababu wageni wa arusi walikuwa wakija. Weka mukeka juu yake, mama. Nunua dawa.

Vitu visivyokaa pamoja

Sasa nieleze juu ya yule mufagiaji. Javeli ni klori iliyofungwa ndani ya maji. Ukitia asidi, klori inafunguliwa na kutoka kama gazi. Asidi ya bateri inafanya hivyo, na dawa ya kusafisha choo inafanya hivyo, hata siki na ndimu zinafanya. Ni gazi ile ile ambayo askari wa Ujerumani waliiachilia karibu na muji wa Ypres, inchi ya Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, nayo ikaua askari wengi katika mashimo yao. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inakaa chini, mahali watoto wanapotambaa. Na javeli ikikutana na mukojo wa siku nyingi au na amoniaki, gazi nyingine mbaya inatoka. Basi, javeli ikae na maji tu.

Katika Kivu ya Kaskazini na Ituri watu wengi walizoea klori wakati wa ugonjwa wa Ebola, tangu mwaka 2018 mpaka 2020. Tulikuwa nayo kwenye kila mulango, na ilitusaidia sana. Lakini ule unga mweupe wa klori, mbele ya kuchanganywa na maji, ni kitu cha kuogopa. Ukiugusisha na mafuta, petroli au terebentini, unaweza kuwaka wenyewe bila kiberiti. Usiumwange juu ya alama ya rangi ya mafuta, wala usiuweke karibu na mukebe wa rangi.

Harufu ya terebentini nayo ni mvuke unaoshika moto. Unatambaa chini kama maji yasiyoonekana mpaka ufike penye mbabula, kisha moto unarudi ukiufuata mpaka kwako. Zima moto wote, fungua milango na madirisha, peleka watoto mbali. Mwenye mimba asifanye kazi hii. Vaa mifuko ya plastiki mikononi kama huna kitu kingine.

Kuna tena jambo moja ambalo watu hawalisadiki mpaka wameliona: vitambaa. Rangi nyingi za mbao zina mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta haya hayakauki kama maji. Yanashikana na hewa, na katika kushikana yanatoa joto. Kitambaa kimoja kilichotandazwa, joto linakwenda zake. Vitambaa vikikunjwa pamoja katika kona, joto linakaa ndani, linazidi, na nyuma ya saa chache vinawaka peke yao, watu wamelala. Katika mwezi wa Februari 1991, katika muji wa Philadelphia, inchi ya Marekani, wafanya kazi waliotengeneza mbao za kuta waliacha vitambaa vya namna hii ndani ya nyumba yenye orofa 38. Moto ulianza orofa ya 22, na wazima moto watatu wakafa. Wewe tandaza vitambaa vyako nje juu ya mawe, kimoja kimoja, mpaka viwe vigumu kama mbao. Au vizamishe ndani ya mukebe wa chuma wenye maji na kifuniko. Udongo na muchanga ulionywa rangi, vile vile. Na usimwange maji ya kazi hii katika kijito wala karibu na kisima.

Watu wengine wanapenda soda kostiki, ile ya kupikia sabuni, kwa sababu inakula rangi ya mafuta upesi. Ni kweli inakula. Inakula na jicho, na koo la mutoto. Mutoto akimeza kidogo tu anaweza kupona kidonda, kisha koo likajifunga na kovu, asiweze kumeza chakula tena pasipo kazi kubwa ya munganga. Mimi siiweki nyumbani kwangu.

Lakini nikihesabu watoto waliokuja kwetu, sababu kubwa haikuwa kazi yenyewe. Ilikuwa mabaki. Baba amemaliza, imebaki terebentini kidogo, anaitia ndani ya chupa ya limonadi, anaiweka chini ya kitanda. Mutoto anarudi toka kucheza, ana kiu. Yeye hajui kusoma, anajua chupa tu. Mabaki yakae katika mukebe wake, umefungwa, juu, mahali ambapo mutoto hafiki hata akipanda kiti.

Mutu akiumia

Kama ni jicho, mwanga maji safi juu yake saa ile ile, toka upande wa pua kwenda nje, ukilifungua kwa vidole, dakika 30 kwa saa. Ni muda murefu, na mutoto atalia sana. Endelea. Kisha njoo hospitali. Usitie maziwa ya mama, wala majani, wala mafuta.

Kama ni ngozi, vua nguo zilizolowa na osha kwa maji mengi dakika 20. Usipake majivu wala dawa ya meno.

Kama ni gazi, toka penye upepo, keti, usilale kama pumzi ni fupi. Njoo hata kama kikohozi kimepoa. Mapafu yanaweza kujaa maji saa nyingi nyuma yake, usiku, wakati mutu anafikiri amepona.

Kama mutoto amekunywa petroli, terebentini, javeli au soda, usimutapishe. Ninajua kwamba wazee wanatia kidole kooni au wanampa mafuta ya mawese. Musifanye. Petroli ikirudi juu inaingia mapafuni, na hapo ndipo inapoua. Soda ikirudi juu inachoma koo mara ya pili. Pangusa kinywa kwa maji, muvue nguo zenye harufu, muketishe mikononi, na muje. Akikohoa, au pumzi ikienda mbio, au akisinzia, musingoje asubuhi. Hata akionekana muzima tutamuchunga usiku mumoja.

Tena muje na chupa au mukebe wenyewe, kwa kuwa petroli na soda hazina dawa moja, nasi tutapoteza wakati tukiulizana ilikuwa kitu gani. Ifungeni vizuri, na mutu mwingine aichukue, asiye yule anayebeba mutoto.